Chupa Kumi na Mbili za Akiba

Jumanne, 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Simu yako haipatikani kama kawaida, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa gari la chanjo. Amesema kila Alhamisi anafika kwenye zahanati yako.

Nimerudi kazini jana. Kifungo ametimiza wiki saba. (Bado tunamwita hivyo, na jina limemkaa: ni mdogo, wa mviringo, na ameshikilia nyumba nzima.) Najua utauliza: likizo ni wiki kumi na mbili, imekuwaje? Hesabu ni hii. Tarehe tisa Desemba daktari alinipima presha, akaitazama miguu yangu iliyokuwa imevimba kama mito, akaniandikia cheti cha kupumzika hadi nijifungue. Kiwandani wakaanza kuhesabu likizo ya uzazi siku hiyohiyo. Kifungo akazaliwa tarehe kumi na tatu Januari. Kwa hiyo wiki tano za kwanza nilizimaliza nikilalia ubavu wa kushoto, natazama dari.

Mama mkwe amehamia kwetu kumlea. Unamkumbuka: miaka thelathini na moja alikuwa mtunza stoo wa hospitali, na siku ya kustaafu walihesabu kila kitu, haikupungua hata sindano. Mtaani bado wanamwita Mama Stoo. Jana asubuhi aliniona nimesimama mlangoni na mkoba begani, siondoki. Akaniambia, "Nenda, mwanangu. Wewe leta mzigo, mimi napokea."

Mzigo ndio tatizo. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa kumi na moja jioni. Ninachokamua alfajiri hakimtoshi. Nataka anyonye maziwa yangu tu hadi miezi sita, kama unavyowafundisha wenzangu huko. Nifundishe na mimi. Wewe uliwezaje na mwanao, ulipokuwa kwenye ule mkataba wa muda usiokuwa na likizo?

Mdogo wako


Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Dereva anashusha mzigo, nina nusu saa.

Kamua mara mbili kazini, matiti yote mawili, hata siku ambayo unaona hayatoki. Mwili hutengeneza kadiri unavyotolewa. Ukiacha, nao unaacha. Kwenye friji maziwa yakae siku nne tu. Ikipita hapo, mwaga. Mama Stoo ampe kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa ameketishwa, bila haraka.

Nakutumia kasha la baridi la kubebea chanjo. Lilifutwa kwenye orodha mwaka jana kwa sababu bawaba imelegea, lakini barafu linashika vizuri. Lifunge kamba.

Kila akipimwa niandikie kilo zake. Usinipambie maneno, nambari inatosha.

Dada yako


Jumanne, 18 Machi

Dada,

Shikamoo. Kasha lilifika Ijumaa ile, nikaanza nalo Jumatatu. Mama mkwe aliligeuza huku na huku akauliza, "Hiki kifaa kimetoka kwa hati gani?" Nikamwambia kimefutwa. "Nani alisaini?" Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Nikueleze laini yetu, maana hujawahi kuiona. Tuko kumi na wanne. Mmoja anashona mikono, mwingine mfuko, mimi nashona kola, kola sitini kwa saa. Shati linapita kutoka mkono hadi mkono. Nikiinuka robo saa, mashati kumi na tano yananisubiri, na wenzangu wa mbele yangu wanakaa mikono mitupu. Bwana Saa, msimamizi wetu, akawaambia wote nikisikia, "Akamue akitaka, ila laini isisimame." Alijua haiwezekani.

Shangazi naye alisikia. Ndiye mkubwa wetu, anashona vifungo, ana watoto wanne na wajukuu saba. Kesho yake nilipofika kwenye meza yangu nilikuta kola thelathini zimeshashonwa, zimefungwa kwa uzi, zimewekwa chini ya cherehani. Yeye na wenzake wawili walikuwa wameingia mapema. Nikamuuliza kulikoni. "Hizo ni akiba," akasema. "Ukienda kule ndani, sisi tunazilisha kwenye laini. Saa yake itahesabu nini?"

Tangu hapo kila asubuhi zipo. Nakamua kwenye chumba cha vitambaa vilivyokataliwa, nimekalia roli la kitambaa chenye doa, mgongo nimeegemeza mlangoni kwa sababu hakuna komeo. Robo saa asubuhi, robo saa mchana. Chupa nne kila siku, mililita tisini kila chupa. Bwana Saa anapita, anatazama saa, anatazama mashati, anakwenda zake.

Nyumbani Mama mkwe ameweka kufuli kwenye friji, ufunguo kauvaa shingoni. Nyanya zetu zimehamia kabatini. Nikifika nampa kasha, anahesabu, anaandika kwenye leja yake, anafunga. Sijathubutu kuomba kuitazama. Kila jioni namuuliza, "Mama, yalitosha?" Naye ananijibu kwa fahari, "Hatujawahi kuishiwa."

Kifungo hajambo. Anacheka sasa.

Mdogo wako


Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma habari za kola, Shangazi, komeo na nyanya. Msalimie sana Shangazi. Mambo yake yangefaa kufundishwa vyuoni.

Kilo ziko wapi?

Dada yako


Jumanne, 1 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nambari ni hizi. Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili. Tarehe 3 Machi, siku niliyorudi kazini: nne na mia saba. Tarehe 17 Machi: nne na mia nane hamsini. Jana: nne na mia tisa.

Nilikuficha. Nilijua utasema kitu, na nilitaka kwanza apande ndipo niandike. Nilikula zaidi, nikanywa maji mpaka nikachoka. Chupa nne hazijapungua hata siku moja, ila nadhani maziwa yangu yamekuwa mepesi. Mama mkwe anasema mchana analia kidogo, anambembeleza, analala. Jioni nikimshika ananyonya kama mtu aliyekimbizwa.

Jana jioni, kliniki ikikaribia kufungwa, muuguzi alitazama kadi, akamtazama Kifungo, akasema taratibu, "Mama, usijilaumu. Wengine hawakujaaliwa maziwa." Amenielekeza aina ya maziwa ya kopo. Jumamosi nitanunua, na kasha lako nitalirudisha. Sijamwambia Shangazi. Leo asubuhi nilizikuta kola thelathini chini ya cherehani, nikaona aibu kuzigusa.

Wewe uliweza bila likizo kabisa. Mimi nimepewa wiki saba na kasha, na nimeshindwa.

Mdogo wako


Alhamisi, 3 Aprili

Mdogo wangu,

Usinunue kopo kabla hujaisoma barua hii yote.

Mimi sikuweza. Nilirudi kazini mwanangu akiwa na wiki nne, nikakamua siku tisa chooni, nikaacha. Alikulia kopo. Miaka kumi na tisa nimewafundisha mamia ya wanawake kunyonyesha, na kila ulipotaja habari hiyo niligeuza mazungumzo. Alikua, hajambo, lakini nilikuacha uniamini kwa jambo ambalo sikulifanya. Hayo ni yangu. Sasa tuje kwako.

Mtoto wa wiki kumi na moja anaachwa kwa muda wa saa kumi na moja. Anaachiwa chupa nne za mililita tisini. Mtoto huyo anazimaliza, na pengine anatafuta ya tano. Lakini nyumbani kwako "hatujawahi kuishiwa". Basi maziwa yako si mepesi, wala hayajapungua. Yapo kwenye friji, na mtoto hayapati.

Nimelitambua kosa hili kwa sababu ni langu. Kwenye friji yangu ya chanjo, robo ya mzigo haiguswi. Ni akiba. Gari likikwama, akiba ndiyo inayonilinda. Mtunza stoo yeyote aliyefundwa vizuri haachi rafu ikawa tupu, na Mama Stoo amefundwa kuliko sisi sote.

Usimuulize wewe. Wewe ni mke wa mwanawe, ukiuliza itakuwa ukaguzi. Nimemwandikia mwenyewe, mtu wa stoo kwa mtu wa stoo. Barua yake iko ndani ya bahasha hii. Mpe ikiwa imefungwa.

Dada yako


Alhamisi, 3 Aprili

Mama yetu,

Shikamoo. Ni mkunga, dada wa mkweo. Pole kwa ulezi, na ahsante. Mdogo wangu ananiandikia unavyopokea maziwa kila jioni kwa hesabu na saini, nami nimewaambia wahudumu wangu hapa kwamba laiti friji ya chanjo ingetunzwa hivyo.

Naomba msaada wa leja yako. Mtoto haongezeki. Tangu tarehe kumi Machi, zimeingia chupa ngapi, ametumia ngapi, zimebaki ngapi, zimemwagwa ngapi?

Naongeza neno moja la ukunga, nawe utalipima. Stoo ya hospitali huletewa mzigo mara moja kwa mwezi, ndiyo maana tunabana. Stoo ya mtoto huyu ni mama yake, na hiyo huletewa mzigo kila siku. Kadiri tunavyotoa ndivyo inavyoletewa. Humo kwenye friji hamhitajiki akiba kubwa.

Wako katika kazi,
Mkunga


Jumanne, 8 Aprili

Kwa Mkunga, mwanangu,

Yah: Uzito wa mtoto.

Marahaba. Barua yako niliipokea Ijumaa saa kumi na moja na robo jioni, ikiwa imefungwa. Majibu ni kama ifuatavyo, kuanzia tarehe kumi Machi hadi kabla ya mzigo wa Ijumaa hiyo.

Zilizoingia: chupa sabini na sita.
Alizotumia mtoto: thelathini na nane, yaani mbili kwa siku.
Zilizomwagwa kwa kupita siku nne: ishirini na sita. Kila moja ina saini ya shahidi, jirani wa mlango wa pili, ambaye mwanzoni alidhani nimechanganyikiwa.
Akiba: kumi na mbili.

Nilianza na za zamani, kama utaratibu unavyotaka. Kwa hiyo mtoto alikunywa nusu, tena yaliyokaribia kuisha muda, na nusu nyingine nilimwaga mimi mwenyewe mbele ya shahidi. Nimeisoma hesabu hii mara tatu nikitafuta mtu wa kumlaumu. Leja ina mwandiko mmoja.

Nikueleze ilivyokuwa, si kujitetea. Kazini nilizoea wodi ikiomba kumi natoa sita, maana wodi siku zote huomba zaidi ya inachohitaji. Mtoto alipolia baada ya kikombe cha pili, nilijiambia: huyu naye anaomba kama wodi. Nikambeba, nikamwimbia, akalala. Nilijisifu kwa hilo.

Ijumaa hiyohiyo nilimwita mkwe wangu jikoni, nikampa leja na ufunguo. Alisoma akiwa amesimama. Nilimwambia, "Mwanangu, maziwa yako yalitosha tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemnyima mtoto." Aliifunga leja, akasema, "Mama, na mimi kazini nina kola thelathini za akiba. Ningekuwa wewe ningefanya vilevile." Sikutegemea adabu hiyo. Sijui kama nilistahili. Kufuli nimelitupa, na nyanya zimerudi.

Tangu Jumatatu anapata zote nne, na akitafuta ya tano anaipata.

Kuna jambo la pili, nalo si kosa langu. Baada ya leja yangu kunishinda, nilianza kukagua kila karatasi iliyomo nyumbani. Nimeiona fomu ya likizo ya mkwe wangu. Zile wiki tano za kabla ya kujifungua zina cheti cha daktari, lakini zimeandikwa kwenye safu ya uzazi. Dawa ya presha haiwekwi kwenye rafu ya bandeji. Nimeazima kitabu cha kanuni za kiwanda kutoka kwa huyo Shangazi wao. Ukurasa wa kumi na tisa unasema mapumziko ya cheti ni ugonjwa, yana safu yake.

Jumatatu ijayo nitakwenda kuonana na wahusika.

Mtunza stoo (mstaafu)


Jumanne, 22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Kwanza nambari: tarehe 14 Aprili, kilo tano na mia tatu hamsini. Yule muuguzi aliizungusha kadi kama mtu anayetafuta imeandikwa wapi vibaya. Jumamosi nilikutana naye sokoni, nikamwambia, "Nilijaaliwa, dada. Tatizo lilikuwa usambazaji."

Pili, mwanao. Jitu lile linalomaliza mkate mzima likiwa limesimama halijadhurika na kopo. Ulikuwa na wiki nne na choo. Mimi nilikuwa na chumba, kasha, Shangazi na wewe. Usijifananishe na mimi tena.

Tatu, ofisini. Tarehe hiyohiyo ya kumi na nne Mama mkwe alitoka kliniki moja kwa moja hadi kiwandani, Kifungo mgongoni, mkobani ana leja, cheti, fomu na kitabu cha kanuni. Niliitwa kutoka kwenye laini nikadhani kuna msiba. Afisa utumishi ni binti wa umri wangu, mpole, hajawahi kukutana na mtu wa aina hii.

"Mama, likizo yake ilishakwisha," akasema.

"Sijaja kuomba likizo," akasema Mama mkwe. "Nimekuja kukagua rafu. Hiki ni nini?"

"Cheti cha daktari."

"Kinasema mjamzito apumzike kwa sababu gani?"

"Presha."

"Presha ni uzazi?"

"Hapana, ni... ni ugonjwa, Mama, lakini huwa tunahesabu pamoja. Ndivyo nilivyomkuta aliyenitangulia akifanya."

"Na mimi nilimkuta aliyenitangulia akibana wodi. Soma hapa, mwanangu. Ukurasa wa kumi na tisa. Soma kwa sauti, mtoto naye asikie."

Binti akasoma. Akarudia kusoma kimya. Kisha Mama mkwe akafungua leja, akamwonyesha chupa zilizoingia, na kilo kwa tarehe. Hakuficha zile ishirini na sita. "Hii ndiyo kazi ya wiki sita," akasema. "Mtu mzima mwenye akili zake, mwenye uzoefu, nimekosea kumlisha mtoto kwa kikombe na karatasi. Mama yake akiwa nyumbani hakosei, maana hapimi."

Wiki zangu tano nimerudishiwa. Zinaanza Jumatatu, tarehe ishirini na nane. Na binti yule alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma: alifungua kabati, akatoa fomu za miaka mitatu. Wanawake kumi na mmoja walihesabiwa hivyohivyo. Watatu watoto wao bado wananyonya. Amewaita wote watatu.

Habari ilifika kwenye laini kabla yangu. Shangazi alisimamisha cherehani, jambo ambalo halifanyi hata akisemeshwa na meneja. "Mimi nilirudi siku ya ishirini na moja," akasema. "Mara nne. Nilidhani ndivyo mwili ulivyo. Kumbe ndivyo fomu ilivyo."

Bwana Saa akauliza, na safari hii aliuliza kwa upole, nani atashona kola kwa wiki tano.

"Sisi," akasema Shangazi, akavuta shati lililofuata. "Tumeshazoea."

Mdogo wako


Jumatatu, 5 Mei

Kwa Mkunga, mwanangu,

Yah: Kufunga stoo.

Mtoto amepimwa leo: kilo sita na gramu mia moja. Mama yake yupo nyumbani siku ya nane, na mtoto ananyonya anapotaka. Hesabu yake hainihusu.

Chupa zilizobaki aliendelea kuzitumia hadi Jumanne iliyopita mchana, ya mwisho nilimpa mimi, akaimaliza akanitazama kama kuna nyingine. Nimezichemsha chupa zote, nimezipanga. Kasha lako nimelifunga kamba mpya, linasubiri mwezi Juni. Mwenzangu wa zamu, yaani mkwe wangu, atarudi kazini tarehe mbili Juni. Siku hiyo mtoto atakuwa na wiki ishirini, nasi tutafungua ukurasa mpya. Chupa zitakazoingia ndizo zitakazotoka.

Miaka thelathini na moja sikuwahi kuruhusu rafu yangu iwe tupu, wala kufunga leja bila salio. Waliokuja kukagua walinisifu kwa hilo. Nakala ya ukurasa wa mwisho nimekuambatishia. Imesainiwa na mimi na yule jirani, ambaye ameomba asiitwe tena.

Salio: sifuri.

Mtunza stoo